Hotuba juu ya Wazazi, Walimu na Uongozi wa Shule za Msingi



Nimeombwa niseme machache juu ya shule za msingi. Wengi wetu huonana na mwalimu kwa mambo mawili tu: tunapodaiwa fedha, na mtoto anapofukuzwa. Yafaa basi niwape habari za mji wa New Haven, Marekani, kwani huko nako wazazi na walimu walikuwa wametengana hivyo hivyo.

Mwaka 1968 Daktari James Comer, Mmarekani mweusi wa Chuo Kikuu cha Yale, aliingia na wenzake katika shule mbili za watoto maskini, karibu wote weusi. Kwa kusoma na kuhesabu zilikuwa mkiani mwa shule za mji. Baba yake Comer alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, na mama yake alipata elimu kidogo sana. Hata hivyo watoto wao walifika vyuo vikuu. Kwa hiyo hakukubali kuambiwa ya kwamba maskini hajali elimu.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa vurugu. Mtoto mmoja wa miaka 8, aliyetoka mashambani upande wa Kusini, aliingizwa darasani asimojua mtu. Akashikwa na hofu, akampiga mwalimu teke, akakimbia. Ilikuwa rahisi kumwadhibu, yakaisha. Lakini waliketi, wakaulizana hofu ile imetoka wapi, ndipo wakaweka utaratibu wa kuwapokea wageni. Sisi humpa mgeni kiti na maji kabla ya kumwuliza habari. Mtoto mgeni shuleni hupewa nini?

Kisha ikaundwa halmashauri ya mwalimu mkuu, walimu na wazazi. Ilikatazwa kulaumiana. Mashauri yaliamuliwa kwa kupatana, si kwa kura. Halmashauri haikuruhusiwa kumzuia mwalimu mkuu asiongoze, wala yeye kuamua kana kwamba haipo. Kupatana wazee wanakujua tangu zamani. Kuacha kulaumiana ndiko kugumu, nami najihesabu miongoni mwa wakosaji.

Kufikia mwaka 1979 watoto wa darasa la nne walikuwa wamefikia kiwango cha darasa lao, na umaskini wa nyumbani ulikuwa ule ule. Mwaka 1984 madarasa ya nne ya shule mbili za mpango huo yalishika nafasi ya 3 na ya 4 mjini. Tuihesabu vema miaka hiyo: ni 16.

Kwetu Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imewapa wazazi viti 6 katika halmashauri ya shule. Viti tunavyo. Lakini vikao nilivyohudhuria vilizungumza mabati na ua. Kusoma kwa watoto hakukutajwa.

Bwana Mwenyekiti, naomba kila mwanachama mwenye kiti hicho akubaliane na mwalimu mkuu wake, akakae darasani asubuhi moja kabla ya mkutano wetu ujao, aje atueleze aliyoyaona.