Mawe ya Mto Nyamwamba
(Hotuba ya mmoja wa mama wazee wa ushirika wetu kutoka Kasese, aliyoitoa Siku ya Akina Mama, mkutano wa maadhimisho, Bwera)

 

 Nimeombwa niseme juu ya mji wetu wa mlimani, tangu nikiwa mtoto. Nimepewa dakika ishirini. Mama wa umri wangu ukimpa ishirini atakula arobaini, kwa hiyo mniangalizie saa.

Mnakumbuka Yoshua sura ya nne. Waisraeli walipovuka Yordani walichukua mawe mtoni, ili siku moja watoto wakiuliza habari yake, wazazi wawe na la kuwaeleza. Sisi wa Kilembe mawe hatukwenda kuyachukua, mto wenyewe ulituletea hadi mlangoni. Leo nawaletea mawe manne.

Jiwe la kwanza ni mgodi. Nilizaliwa Kilembe mwaka 1957, mwaka mmoja baada ya reli kufika Kasese. Reli ile ililetwa kwa sababu ya shaba. Shaba ilichimbwa kwetu juu, ikateremshwa Kasese, ikapakiwa kwenye gari moshi kwenda Jinja kuyeyushwa. Baba alikuwa mchimbaji. Kwenye mstari wetu wa nyumba walikaa Wakonzo, Watoro, Wakiga, Waluo, na watu wa kutoka Kongo. Mama yangu Kiswahili hakukisoma shuleni, alikiokota kwenye bomba la maji, akisubiri mtungi wake ujae. Mtoto akilia nyumba ya nne, mama aliye karibu ndiye alimbeba, kabila lake lingeulizwa baadaye. Watoto wa jirani walikula bundu na sombe kwetu, sisi tukala matoke kwao. Ndiyo maana Kiswahili changu kina vipande vya kila mahali, mnivumilie.

Jiwe la pili ni tetemeko. Ilikuwa Jumapili, tarehe 20 Machi 1966, kabla hakujapambazuka. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Vyombo vilianguka, mbwa wakalia, baba akatutoa nje mmoja mmoja. Kwetu tulipona. Kwa ndugu zetu wa Bwamba, upande ule mwingine wa mlima, nyumba zilianguka juu ya watu, na upande wa Beni pia. Walikufa zaidi ya mia moja. Bibi yangu alikuwa anakaa huku Bwera na dada yake alikuwa ameolewa Kongo. Aliposikia habari alifunga unga kwenye kitambaa, akavuka mto Lhubiriha kwa miguu kwenda kumtafuta. Mpaka huu Mwingereza na Mbelgiji waliupiga kwenye ramani yao, huku tukaitwa Wakonzo, kule wakaitwa Wanande, lakini bibi hakuhitaji mkalimani. Alimkuta dada yake hai, akakaa naye mwezi mzima wakijenga upya jiko.

Jiwe la tatu ni mto wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgodi ulisimama. Wengi walirudi makwao, sisi tulibaki, hatukuwa na kwingine. Halafu tarehe 1 Mei 2013, Nyamwamba ulishuka. Wale waliokuwepo wanajua ile sauti, mawe yanagongana ndani ya maji kama magari. Madaraja yalikwenda, nyumba zilikwenda, hospitali ya Kilembe ikaingiliwa na maji na matope. Tukajenga. Mei 2020 ukashuka tena, wakati ule wa Korona. Serikali inasema kaeni nyumbani, na nyumba imeshakwenda na maji! Tulilala kwenye shule. Mpaka ulikuwa umefungwa, hata hivyo mama wa Kasindi walichanga wakatuma kwa simu, na mama wa Bwera walileta unga na maharage. Mimi nilikula unga ule. Siwezi kuusahau.

Na hapa niseme neno. Tusimtupie shetani kila kitu. Tumelima mpaka ukingoni mwa mto, tumekata miti kwenye miteremko. Maombi tuombe, na miti tupande. Amina?

Jiwe la nne ni mpaka. Soko la Mpondwe mnalijua, Jumanne na Ijumaa: mawese na vitenge, kahawa, samaki, chumvi ya Katwe. Njia hiyo hiyo ya soko imekuwa njia ya kukimbilia. Novemba 1996 waasi walipoingia Mpondwe, watu wa Bwera walikimbia na magodoro kichwani. Miaka mingine ndugu wa Kongo ndio walikuja kwetu, wakalala makanisani. Juni 2019 Ebola ilivuka, mtoto wa miaka mitano akafia hapa Bwera. Tulinawa, tukapimwa joto, tukasalimiana kwa kiwiko, tukaendelea kuombeana.

Halafu mwaka 2023. Januari 15, bomu ndani ya kanisa Kasindi, siku ya ubatizo. Juni 16, usiku, wanafunzi wa shule ya sekondari ya Lhubiriha. Walikufa zaidi ya 40, wengi wao watoto. Hapa ndani kuna mama waliozika. Sitaongeza neno juu ya hilo, maana mwenye kidonda hafundishwi maumivu.

Lakini tangu hapo nasikia maneno. Huku wanasema, waliotuua walitoka kule. Kule wanasema, Uganda si salama kwa mkutano. Na wengine wanapendekeza, taratibu, kwamba miaka ijayo kila upande ufanye mkutano wake. Wapendwa, hofu yenu naielewa. Tuvuke mchana, kwa njia halali, tuwe na vitambulisho, tuwasikilize wanaolinda usalama. Hayo yote sawa. Ila waliolipua kanisa Kasindi na waliochoma shule Lhubiriha hawakuchagua upande. Tukigawanyika leo, mlima ukitikisika kesho, nani atafunga unga kwenye kitambaa?

Ombi langu ni dogo. Kila kanisa linunue daftari. Mwandike: mwaka gani, nani alimlaza nani, nani alilisha watoto wa nani. Muanze na wazee, tunaondoka upesi. Vijana, ninyi mna simu, rekodini sauti zetu pia. Ili mjukuu wangu akiambiwa watu wa ng'ambo ni adui, afungue daftari asome jina la mama wa Kasindi aliyetoa cha kwake ili bibi yake ale.

Na mwakani, Bwana akitujalia uzima, zamu ya kupokea wageni ni ya Kasindi. Mimi nitavuka. Nani anakuja na mimi?