Ushahidi wa Kusikia na Rufaa za Kesi za Mauaji: Haki Inaanzia Mahakama ya Kwanza

Mada kwa semina ya mawakili, wasaidizi wa sheria na machifu, Nakuru

Utangulizi

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kijijini methali hiyo humwokoa mtu na hatari. Katika kesi ya mauaji inaweza kumfungia mtu asiye na hatia katika Gereza Kuu la Naivasha maisha yake yote. Ndiyo maana kifungu cha 63 cha Sheria ya Ushahidi kinataka shahidi aeleze alichokiona au kukisikia yeye mwenyewe, si alichoambiwa na wengine, yaani ushahidi wa kusikia au uvumi. Hoja yangu ni moja: Mahakama ya Rufaa husoma rekodi. Ambacho hakikupingwa wala kuandikwa katika Mahakama Kuu ni kigumu mno kukifufua baadaye.

1. Uvumi na kisichokuwa uvumi

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu ameuawa usiku huko Kuresoi. Shahidi wa pili anasema: "Jirani aliniambia alimwona mshtakiwa akitoka bomani kwa marehemu." Jirani mwenyewe haitwi. Naibu chifu anarudia maneno hayo hayo. Afisa mpelelezi naye anasema wananchi walimtajia mshtakiwa. Ukihesabu haraka, utaona mashahidi watatu. Kisheria hapo pana kauli moja tu, tena ya mtu ambaye hakula kiapo wala kuulizwa na wakili: Mwezi ulikuwa unawaka? Ulisimama umbali gani? Mna ugomvi wa shamba?

Hata hivyo, tusipinge kila "niliambiwa". Katika kesi ya Subramaniam, iliyotoka Malaya na kuamuliwa London mwaka 1956, majaji walieleza kwamba kauli inayotolewa kuonyesha tu kuwa ilisemwa si ushahidi wa kusikia. Afisa akisema alipigiwa simu kuhusu maiti ndipo akaenda, anaeleza kwa nini alikwenda. Simu hiyo haithibitishi nani aliua.

Kauli ya marehemu kuhusu kilichomuua ina mlango wake katika kifungu cha 33. Kwetu Kenya hupokelewa hata kama msemaji hakutarajia kufa. Lakini tangu kesi ya Jasunga mwaka 1954, mahakama zimeonywa ziipokee kwa tahadhari kubwa, kwa sababu aliyevamiwa gizani anaweza kumdhania mtu mwingine, na hayuko tena wa kuulizwa. Tafuteni ushahidi mwingine unaoiunga mkono.

2. Kesi ya haki

Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya kupewa mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake, kuupinga, kupata mkalimani, na kupewa wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo bila wakili haki ingepotoka. Ibara ya 25 inakataza haki ya kesi ya haki kupunguzwa kwa namna yoyote.

Eneo letu lina mchango wake hapa. Mwaka 2006 fundi wa mawe alipigwa risasi katika shamba la Soysambu, na Thomas Cholmondeley akashtakiwa kwa mauaji. Kesi ikiwa bado inaendelea, Mahakama Kuu iliagiza upande wa utetezi nao ukabidhi taarifa za mashahidi wake. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ilikataa: upande wa mashtaka una wajibu wa kufichua ushahidi wake, lakini mshtakiwa halazimiki kuusaidia. Mwaka 2009 Cholmondeley alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Yeye alikuwa na uwezo wa kuweka mawakili hodari. Kanuni iliyopatikana ni ya kila mshtakiwa, hata kibarua wa Solai. Ukizisoma mapema taarifa za mashahidi wa upande wa mashtaka, utaona kwamba jirani wa mfano wetu hayumo katika orodha ya mashahidi.

Angalieni pia uhamisho wa majaji. Jaji mpya anapochukua kesi, kifungu cha 200 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinamtaka amweleze mshtakiwa haki yake ya kuomba mashahidi waitwe upya. Rekodi isiyoonyesha hilo ni hoja nzito ya rufaa.

3. Kuijenga rufaa

Notisi hutolewa ndani ya siku 14 baada ya uamuzi. Ukichelewa, omba kuongezewa muda. Hii ikiwa rufaa ya kwanza, majaji wana wajibu, kwa mujibu wa kesi ya Okeno ya 1972, wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wao. Kusema tu kwamba uvumi ulipokelewa hakutoshi. Waonyesheni majaji kwamba ukiondolewa, kilichobaki hakiwezi kubeba hukumu. Kwa shahidi muhimu asiyeitwa, itumieni kesi ya Bukenya ya 1972: mahakama inaweza kuamini kwamba ushahidi wake ungeuumiza upande wa mashtaka.

Upande wa mashtaka ukiomba kesi isikizwe upya, kumbusheni kesi ya Manji ya 1966: kesi hairudiwi ili kuziba mapengo ya ushahidi. Na hukumu ikidumu, adhabu bado inaweza kujadiliwa, kwani katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, Mahakama ya Juu iliamua kuwa adhabu ya kifo ya lazima inakiuka Katiba.

4. Mapendekezo

Wakili: pinga papo hapo, na hakikisha jaji ameandika pingamizi na uamuzi wake. Msaidizi wa sheria: muulize mshtakiwa kama anaielewa lugha ya mkalimani. Kutoka Molo hadi Mogotio tunazungumza lugha nyingi, na anayeitikia kwa adabu huenda hajaelewa. Chifu: ukiambiwa "fulani aliona", mpeleke huyo fulani akaandikishe taarifa kituoni mambo yakiwa bado mabichi.

Haya si ya mshtakiwa peke yake. Hukumu iliyojengwa juu ya uvumi ikianguka baada ya miaka mingi, familia ya marehemu hubaki bila jibu, na aliyeua huenda yuko huru. Anayemtafuta shahidi aliyeona kwa macho yake anazitendea haki familia zote mbili.