Tundu Katika Ubavu wa Alexis

Tarehe 6 Juni 1822, katika duka la kampuni ya manyoya kwenye kisiwa cha Mackinac, kaskazini mwa Marekani, bunduki ilifyatuka kwa ajali ikampasua ubavu wa kushoto Alexis St. Martin, kijana Mkanada aliyekuwa mpiga makasia na mchukuzi. Akaitwa William Beaumont, daktari wa jeshi katika ngome ya pale. Hakutazamia kwamba majeruhi angepona. Hata hivyo alimsafisha, akamfunga, akarudi kesho yake na kesho kutwa. Na wakuu wa wilaya walipochoka kumtunza maskini huyo, wakataka kumrudisha kwao, Beaumont alimchukua nyumbani mwake. Kama tungeishia hapo, tungekuwa na habari nyingine ya Msamaria.

Lakini kidonda kilipona bila kuziba. Lilibaki tundu, na kwalo daktari aliweza kuchungulia tumboni mwa mtu aliye hai. Kuanzia 1825 alitumbukiza humo vipande vya nyama, mkate na kabichi vilivyofungwa kwa uzi wa hariri, kisha akavivuta kuona kilichoyeyuka. Kitabu chake cha mwaka 1833 chaeleza majaribio zaidi ya 200, nacho kilithibitisha kwamba majimaji makali ya tumbo ndiyo yameng'enyayo chakula. Sote tuna deni kwa kazi ile.

Na Alexis je? Mwaka 1832 alitia alama ya msalaba kwenye mkataba, kwa maana hakujua kuandika: mwaka mzima wa kutumika na kuchunguzwa, kwa dola 150. Majaribio yalimletea maumivu na kichefuchefu. Nyumbani kwa daktari alipasua pia kuni. Zaidi ya mara moja aliondoka kwenda kwa watu wake Kanada. Mwaka 1834 alikwenda asirudi tena, ingawa Beaumont alimsihi kwa barua miaka mingi.

Mkono uliofunga kidonda ulikuwa na huruma ya kweli. Hatuthubutu kulikana hilo. Ila sisi tuliowahi kuuguza mtu nyumbani twajua jinsi fadhila inavyogeuka polepole kuwa deni, na mgonjwa akawa mali.

Beaumont alifariki mwaka 1853. Alexis aliishi hadi Juni 1880. Jamaa zake, wakijua kwamba madaktari walilitamani tumbo lile, waliuacha mwili uharibike kwa joto siku kadhaa, ndipo wakauzika penye kanisa la kijiji, katika kaburi lililochimbwa kwenda chini kuliko desturi.