Kiingereza cha Barua na Kiingereza cha Mdomo
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukoo)



Nilipofika Uingereza mwaka 2001 nilikuja na miaka 20 ya utumishi wa serikali, nikajiona bingwa wa Kiingereza. Kumbe nilichokijua ni Kiingereza cha mafaili. Dereva wa basi wa Leeds aliponiita "mpenzi", niligeuka kutazama kama mkewe yuko nyuma yangu.

Hilo lilikuwa la kuchekesha. La pili halikuchekesha. Dada yangu aliniletea barua ya ofisi moja kuhusu msaada wake wa kodi ya nyumba. Ilisema kwamba "huenda akapenda" kupeleka vielelezo vyake kabla ya mwisho wa mwezi. Nikamwambia, "Hawakulazimishi, dada. Peleka ukipata nafasi." Msaada ukakatwa, naye akakopa kodi ya miezi miwili. Yale maneno yalikuwa amri iliyovishwa kanzu ya adabu, na mimi, niliyelelewa na mafumbo ya kanga, sikuyafumbua.

Wanangu, Kiingereza hubadilika kama Kiswahili chetu kinavyobadilika kutoka Unguja hadi Mombasa, na kutoka barazani hadi ofisini. Kaskazini mwa Uingereza ukialikwa "chai" jioni, aghalabu ni chakula kizima. Mwingereza mkutanini akitaka hoja "iwekwe mezani", ataka ijadiliwe; Mmarekani ataka iahirishwe. Tarehe 7/8 kwetu sisi wa Uingereza ni Agosti 7. Kwa ndugu zetu wa Marekani ni Julai 8. Basi katika barua za ukoo tuandike mwezi kwa jina lake.

Kiingereza chenu cha mitaani, enyi vijana, nacho kina kanuni zake. Sikioni kuwa kibovu. Nanyi mmekulia humo, mwasikia tusichokisikia sisi. Nawaombeni: mzee akipokea barua, kaeni naye muisome pamoja, mumweleze si maneno tu bali na makusudio yake. Nasi wazee tusione haya kuuliza. Mimi niliona haya, na gharama aliilipa dada yangu. Hadi leo hajanilaumu, na ndiyo maana nimeona ni wajibu wangu kuyasema haya mbele yake na mbele yenu.

Wabillahi tawfiq.