Riziki ya Mhandisi Haimo Katika Chombo Chake

KHUTBA YA KWANZA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyemjaalia mwanadamu akili, na mikono ya kuitumikia akili hiyo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ninakuusieni, na ninaanza kwa kujiusia nafsi yangu, kumcha Mola wetu kwa siri na kwa dhahiri, maana hiyo ndiyo akiba isiyooza.

Ndugu Waislamu, khutba ya leo inawaelekea hasa vijana wetu wanaosomea uhandisi, na wale waliokwisha ingia katika kazi hiyo, pamoja na wazazi waliouza shamba au ng'ombe ili wawasomeshe. Kijana huingia chuoni akiambiwa kuwa fani yake inatafutwa. Akitoka, hukuta mradi umesimama, fedha zimekatika, au kazi aliyojifunza kuifanya kwa mkono sasa yafanywa na kompyuta. Hapo shetani humjia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni kukata tamaa, aseme: "Elimu yangu imepotea bure." Mlango wa pili ni ukaidi, ashikilie chombo cha jana na kuwatukana wenye chombo cha leo. Yote mawili chanzo chake ni kimoja: kudhani kwamba riziki imo ndani ya chombo. Riziki iko kwa Mwenyezi Mungu. Chombo ni sababu tu, na sababu hubadilika.

Wala kutegemea kwa Mwenyezi Mungu si kukaa kitako. Mtume (S.A.W.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza mnyama wake, kisha ndipo ategemee. Na katika mwaka wa 5 wa Hijria, majeshi yalipokuja kuuzingira mji wa Madina, Salman Mfursi alitoa shauri la kuchimba handaki, njia ya vita iliyojulikana kwao Uajemi na ambayo Waarabu hawakuizoea. Mtume (S.A.W.) hakuikataa kwa ugeni wake. Aliipokea, akashika zana, akachimba pamoja na Sahaba zake. Basi mhandisi gani ataona haya kujifunza jambo jipya kwa mgeni, au kwa aliye mdogo wake?

Zingatieni tena kisa cha Hasan ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965. Wanahistoria wamesimulia kwamba alidai angeweza kuyadhibiti maji ya mto Nile, yasifurike kupita kiasi wala yasipungue. Khalifa al-Hakim, aliyetawala Misri tangu mwaka 996 hadi 1021, akamwita aitekeleze kazi hiyo. Ibn al-Haytham akapanda na mto mpaka upande wa Aswan. Njiani aliyaona majengo ya Wamisri wa kale, kazi ya hesabu timamu na mikono hodari, akawaza kuwa lau jambo lile lingewezekana, watu wale wasingeliacha. Alipopachunguza mahali penyewe, akatambua kuwa mpango wake hautekelezeki. Akarejea Cairo akakiri hivyo mbele ya mtawala aliyeogopwa na wakubwa na wadogo. Imesimuliwa kuwa baadaye, kwa kuihofia hasira yake, alijisingizia wazimu mpaka mtawala yule alipofariki.

Je, mambo yake yaliishia hapo? La. Alijipatia chakula kwa kunakili vitabu vya hesabu, na katika maisha yake ya Cairo akakamilisha kazi yake kubwa juu ya nuru na macho, akathibitisha kuwa tunaona kwa nuru inayotoka katika vitu na kuingia jichoni. Kitabu hicho, Kitab al-Manazir, kilifasiriwa kwa Kilatini na kikasomwa Ulaya kwa karne nyingi. Ama Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970, kwa zana ambazo yeye hakuwa nazo. Mto ulimkatalia, lakini jiometri ile ile aliyokusudia kuipimia maji, akaipimia nuru. Mpango uliharibika, elimu ikabaki.

Na katika zama zetu alikuwako Fazlur Rahman Khan, aliyezaliwa Dhaka mwaka 1929. Alipata sifa huko Chicago, Marekani, kwa majengo marefu ya chuma, likiwamo jengo la Sears lenye ghorofa 110. Njia yake ilikuwa kuziweka nguvu za jengo katika kuta za nje, lipambane na upepo kama mwanzi ulio mtupu ndani. Lakini ilipotakiwa sehemu ya kuwapokea mahujaji katika uwanja wa ndege wa Jeddah, yeye na wenzake hawakuupeleka mnara wa Chicago jangwani. Walilitazama hema, wakatandaza mapaa 210 ya kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo, yaliyoning'inizwa kwa nyaya za chuma, yenye tundu kileleni pa kutokea hewa ya moto, ili hujaji akae kivulini. Bingwa wa chuma hakuona unyonge kufanya kazi ya hema. Alifariki mjini Jeddah mwaka 1982.

Hata Tanzania tumeyaona hayo. Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 ilianza kwa injini za mvuke, zikaja za dizeli, na mwaka 2024 treni za umeme zikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa reli mpya. Aliyejua kuchochea tanuri tu, ujuzi wake ulizimika pamoja na moto wake. Aliyefahamu kwa nini gurudumu huteleza, na uzito fulani husimama kwa umbali gani, alikuwa na msingi wa kujengea ujuzi mpya.

Nasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu anighufirie mimi na nyinyi nyote.

KHUTBA YA PILI

Ndugu Waislamu, kubadilika kuna mpaka wake. Badilisheni chombo, mji, hata fani, lakini amana haibadiliki. Mhandisi aliyekosa kazi, kisha akapata moja akaambiwa apunguze saruji au nondo na atie sahihi, asiseme kuwa zama zimebadilika. Watakaolala chini ya dari lile ni watoto wa watu. Na anayehamia kazi mpya asidai ujuzi asio nao. Aseme, "Hili sijalijua, nifundisheni."

Enyi vijana, shikeni misingi ya hesabu na maumbile. Kila mwaka ongezeni jambo moja msilolijua. Msiidharau kazi ndogo: pampu ya maji ya kijiji ikipona mikononi mwako, ni sadaka na ni darasa. Fanyeni shauri na wenye uzoefu, na mswali istikhara kabla ya kuamua.

Nanyi wazazi, mwana akirejea nyumbani bila kazi, msimhesabie gharama mlizomlipia. Mpeni muda na dua.

Ewe Mola wetu, tufungulie milango ya riziki ya halali, tuzidishie elimu yenye manufaa, na utulinde tusiiuze amana kwa hofu ya njaa. Amin. Simamisheni Sala.