MTOTO ASIFICHWE
Hotuba kwa Wanachama, Machakos

(Hotuba hii ilisomwa katika mkutano wa wanachama mjini Machakos. Wengi waliomba nakala, kwa hiyo tumeipiga chapa hapa yote.)



Tumezoea kukutana hapa kuzungumza habari za mishahara, za zamu, na za wenzetu waliofukuzwa kazi bila haki. Leo tumewaita kwa jambo ambalo halijapata kutajwa katika mikutano yetu. Twataka kusema juu ya watoto wetu, na hasa wale wasiokua kama wenzao: mtoto aliyechelewa kukaa na kutembea, mtoto asiyesema, mtoto aliyekaa darasani miaka mitatu na bado hawezi kusoma jina lake.

Mtauliza, jambo hili lahusu nini chama cha wafanyakazi? Sikilizeni. Yuko mwenzetu mmoja afanyaye kazi ya zamu katika kiwanda upande wa Athi River. Alikuwa akikatwa mshahara kila mwezi kwa kukosa kazini, tena akaandikiwa barua mbili za onyo. Alipokuja ofisini kwetu tulidhani ni mambo ya pombe. Kumbe ana mtoto wa miaka sita asiyeweza kusimama, na kila juma yeye na mkewe humpeleka hospitali kwa mazoezi ya viungo. Hakumwambia msimamizi wake, wala hakutuambia sisi. Aliona aibu.

Baada ya kusikia habari hiyo, wanachama wengine wanne walitujia, mmoja mmoja, wakisema kwa sauti ya chini, "Hata mimi ninaye." Wanne, ndugu zangu, katika tawi moja! Wamefanya kazi pamoja miaka mingi, wamekula chakula cha mchana meza moja, na kila mmoja alidhani yuko peke yake duniani. Huyu alikuwa akitafuta shule ambayo yule anaijua. Yule alikuwa akitafuta daktari ambaye huyu amekwisha kumwona. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi twaongeza: afichaye mtoto hujinyima msaada ulio karibu naye.

Kwanza tuondoe uongo. Mtoto wa namna hii si laana, wala si uchawi wa jirani, wala si kosa la mama yake. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ubongo wake uliumia kabla ya kuzaliwa, au wakati wa kuzaliwa, au muda mfupi baadaye. Wengine huumia kwa malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, au manjano kali ya mtoto mchanga isiyotibiwa mapema. Mtoto mwenye hali ya Down huzaliwa na kromosomu 47 badala ya 46, na hakuna mzazi awezaye kujilaumu kwa hilo. Mtoto mwenye usonji huona na husikia dunia kwa namna yake. Hakuharibiwa na malezi mabaya wala na chanjo. Na yuko mtoto ambaye akili yake ni nzima kabisa, lakini herufi humchanganya. Huyo huitwa mvivu, hupigwa kila siku, hata aikimbie shule.

Hapa twasema na wanaume. Wengi wetu, tukisikia habari ya mtoto, huondoka nyumbani na kumwachia mama. Tunajiita wapigania haki kazini, na nyumbani twamwacha mwenzetu abebe peke yake mzigo wa watu wawili. Jambo hilo halifai hata kidogo.

Sasa tuje kwenye njia yenyewe. Tumeuliza, tumetembea, tumekwenda na kurudishwa, na haya ndiyo tuliyoyajua.

La kwanza. Msaada wa kwanza umo nyumbani mwenu tayari. Ni kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto mnachopewa kliniki. Watu wengi hufungua ukurasa wa chanjo tu. Ndani yake yameandikwa mambo ambayo mtoto hutazamiwa kuyafanya kwa umri wake. Kwa kadiri, mtoto hukaa bila kushikwa afikapo miezi 9, hutembea afikapo miezi 18, na afikapo miaka 2 huunga maneno mawili. Kuchelewa kidogo si ugonjwa. Lakini mtoto akichelewa sana, au akipoteza maneno aliyokuwa nayo, usingoje. Usikubali kuambiwa, "Hata babake alichelewa." Miaka ya kwanza ndiyo ubongo hujifunza upesi, na mwaka mmoja wa kungoja ni hasara kubwa.

La pili ni hospitali. Hapa mjini tunayo Hospitali ya Machakos ya Level 5. Mwombe daktari apime masikio na macho kwanza, kwa sababu mtoto asiyesikia huweza kudhaniwa mjinga. Uliza habari za mazoezi ya viungo, na za wataalamu wanaomfundisha mtoto kushika kijiko, kuvaa nguo na kujiosha. Mtoto mwenye kifafa asiachishwe dawa kwa sababu ameonekana hajambo miezi miwili. Daktari ndiye aamuaye. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sisi sote tunakatwa 2.75 kwa mia ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii. Basi ulizeni dirishani kabla ya kulipa: katika huduma hii, bima inalipa nini? Fedha hiyo ni yenu.

La tatu, na hili wengi hawalijui kabisa. Vipo vituo vya Serikali vya kuwapima watoto kwa ajili ya elimu, ambavyo walimu huviita EARC. Vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Kwenda huko si kwenda kutibiwa; ni kwenda kujua mtoto anaweza nini, na asome wapi: darasa la kawaida kwa kusaidiwa, au kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida, au shule maalum. Nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako uulize kituo kilipo na siku ya kupima. Chukua kijitabu cha kliniki, karatasi za hospitali, na cheti cha kuzaliwa. Pale Kasarani, Nairobi, ipo KISE, taasisi ya elimu maalum iliyoundwa mwaka 1986 kufundisha walimu wa watoto hawa. Nako watoto hupimwa.

La nne ni kuandikisha mtoto katika Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Baraza hilo lilitokana na sheria ya mwaka 2003, na mwaka 2025 Bunge lilipitisha sheria mpya juu ya mambo hayo. Kwanza mtoto hupimwa katika hospitali iliyoruhusiwa na Serikali, na karatasi hutiwa sahihi na madaktari. Ndipo aandikishwe na kupata kadi. Wengi huchoka njiani, kwa maana karatasi huzunguka. Msichoke. Kwa kadi hiyo mtoto aweza kuombewa kiti cha magurudumu, au chombo cha masikio, au msaada wa karo. Tena, uko mpango wa Serikali wa kusaidia nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji kutunzwa siku zote, shilingi 2,000 kwa mwezi. Si nyingi, na si wote wanaostahili wanaopata. Lakini asiyeandikishwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hatengewi fungu.

La tano ni shule. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 54, yasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa, na ya kuingia katika shule na vyuo. Basi mwalimu mkuu akikwambia, "Mtoto huyu hatumwezi, mrudishe nyumbani," usigombane naye, wala usirudi nyumbani kimya. Mwombe ayaandike maneno hayo, kisha uende na barua hiyo ofisi ya elimu. Sisi tumeona mwalimu mkuu mmoja akibadili nia mara tu alipoombwa kuandika. Katika mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, iko njia kwa mtoto asiyeweza masomo ya kawaida: huendelea kwa hatua, kutoka kujitunza mwenyewe mpaka kazi za ufundi. Na mtoto aliye darasa la kawaida akihitaji muda zaidi katika mtihani wa taifa, shule yaweza kumwombea mapema.

Machakos hii hii ina shule ya viziwi na chuo cha ufundi cha wasioona, na hakuna anayeshangaa. Tumekwisha kukubali kwamba asiyeona aweza kujifunza kazi. Mbona twaona vigumu kukubali hivyo kwa mtoto ambaye akili yake huenda polepole?

La sita ni wazazi wenyewe. Jumuiya ya Kenya ya wenye ulemavu wa akili, KSMH, ni ya tangu mwaka 1971. Jumuiya ya usonji, Autism Society of Kenya, ilianzishwa na wazazi mwaka 2003. Hao hawakungoja Serikali iwafundishe njia. Waulizeni.

Vipo pia vitabu vya bure. Kiko kimoja cha David Werner, Disabled Village Children, kilichotoka mwaka 1987. Ni cha Kiingereza, lakini kimejaa picha, nacho kinaonyesha jinsi ya kutengeneza kiti cha mtoto, vyuma vya kushika wakati wa kutembea, na vitu vya kuchezea, kwa mbao na mipira ya gari kuukuu. Seremala yeyote wa hapa aweza kuzifuata picha hizo. Na mwaka 2022 Shirika la Afya la Dunia liliweka katika intaneti masomo ya bure kwa wazazi wa watoto waliochelewa kukua. Vijana wetu wenye simu wawasaidie wazazi kuyafungua.

Nyumbani, mambo madogo ndiyo yenye nguvu. Sema na mtoto kwa maneno machache, ukimtazama. Mpe kazi moja kwa wakati mmoja. Fanya mambo kwa utaratibu ule ule kila siku: kuamka, kuoga, kula, kulala. Akiweza jambo, hata dogo, msifu papo hapo. Kumfungia ndani au kumfunga kamba ni kumwumiza, na ni kuvunja sheria.

Na jihadharini na matapeli! Mtu akisema anayo dawa ya kuponya usonji au mtindio wa ubongo, akataka fedha, huyo ni mwizi. Tunajua nyumba iliyouza ng'ombe wawili kwa ajili ya chupa za maji ya rangi. Hakuna dawa ya kuuondoa usonji. Yako mafunzo, mazoezi, na subira, na hayo humfikisha mtoto mbali.

Sasa tumekuja kwenye kazi ya chama. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za likizo kwa mwaka, na ruhusa ya ugonjwa. Lakini ruhusa ile ya ugonjwa ni ya mfanyakazi mwenyewe akiugua. Mtoto akihitaji mazoezi kila juma, likizo yote itamalizika kabla ya nusu ya mwaka. Yule mwenzetu wa Athi River, mjumbe wetu alimwendea meneja akiwa na kadi ya hospitali mkononi. Zamu ikabadilishwa, na barua ya tatu haikuandikwa. Ilitosha kuzungumza. Lakini haki isitegemee huruma ya meneja mmoja, kesho atahamishwa.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu mbele yenu. Moja, katika mapatano yajayo na wenye kazi, tudai siku kadhaa kwa mwaka zenye malipo kwa mzazi wa mtoto wa namna hii, na haki ya kubadilishiwa zamu aonyeshapo kadi ya kliniki. Mbili, ofisi ya tawi iweke daftari la mahali pa msaada: kituo, siku ya kupima, karatasi za kuchukua, nauli. Kila atakayekwenda arudi aandike aliyoyaona. Majina ya watoto yasiandikwe humo. Tatu, wazazi wakutane mara moja kwa mwezi hapa ofisini, baba na mama, waje na watoto.

Watu wa Ukambani hawafundishwi jambo hili na mgeni. Wazee wetu walilichimba shamba la mmoja, kesho la mwingine, kwa mwethya. Na mitaro inayoshika udongo katika vilima vyetu ilichimbwa na vikundi vya namna hiyo. Hakuna aliyeambiwa, "Kilima hiki ni chako, chimba peke yako." Basi kwa nini mzazi aambiwe hivyo?

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa asiyeubeba huonekana mwepesi. Sisi tuliokwisha kuubeba tunajua uzito wake. Mlio na watoto hawa, njoni ofisini, na msije usiku. Njoni mchana, mkiwa mmewashika mikono.

Umoja ni nguvu.