MBA Bila Kuhama Ziwa

Mfanyabiashara wa samaki wa Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria karibu na Kisumu, anayetaka shahada ya uzamili ya biashara halazimiki kupanda basi la Nairobi. Chuo Kikuu cha Maseno, kilichojitegemea tangu 2001, kina kampasi mjini Kisumu. Kile cha Jaramogi Oginga Odinga, kilichopata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, makao yake ni Bondo.

Kazi iko kwenye vyeti. Kwa kawaida hutakiwa shahada ya kwanza, daraja la pili la juu. Mwenye la chini huongezea uzoefu wa kazi, mara nyingi miaka miwili. Hapo barua ya mwajiri yenye tarehe na cheo hushinda sifa tamu, ambazo huwa tele.

Jina la kitambulisho lilingane na la cheti.